Shimo la Kuwaonyesha Wageni

Wiki nzima tumemwacha Mama Greda juu ya kiti chake, mguu kwenye breki, mdomo wazi. Tumwonee huruma sasa, tumwache aufumbe.

Alichokuwa anakitazama pale kwenye kona ni barabara. Barabara nzima, imeshindiliwa, imefagiwa, na pembeni imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe pepepe. Nyie mtasema, sasa dereva wa greda akiona barabara anashtuka nini? Anashtuka kwa sababu hapo hapakutakiwa kuwa na barabara. Hapo palitakiwa kuwa na shimo.

Kwa msomaji aliyepanda gari leo: mvua za mwezi uliopita zilishusha kipande cha mlima kwenye kona hii. Kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya korongo chini ya barabara, liling'oka likaenda zake bondeni, na barabara ikakatika vipande viwili. Upande wa chini kuna hospitali, soko na ofisi zote. Upande wa juu kuna watu. Kuzunguka kwa miguu kupitia mlima wa pili ni kazi ya kutwa, na mwenye maradhi haiwezi.

Na leo ndiyo siku ya Mkaguzi kutoka Mfuko wa Maafa. Huyo haji mara mbili. Anakuja, anaona kwa macho yake kilichovunjwa na mvua, anapima, anapiga picha, kisha Serikali inatoa fedha za kukijenga. Asichokiona hakilipwi.

"Mwenyekiti," Mama Greda alisema sauti ilipomrudia. "Shimo liko wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya barabara, koti la suti limemkaza tumbo, ndoo ya chokaa miguuni. Alitabasamu kama mtu aliyesubiri aulizwe.

"Shimo gani tena, mama? Tumeliziba. Wachimba mawe wote wa machimboni wamekesha hapa. Viroba, mawe, udongo, mpaka asubuhi hii ndiyo tumeweka jiwe la mwisho. Nilitaka kuwashtukiza. Si niliambiwa wageni wa Serikali wanakuja?"

"Wanakuja kuona shimo."

Mwenyekiti alicheka. Akaona anacheka peke yake, akaacha.

Tusimlaumu sana. Katika miaka yake yote ya uongozi, mgeni wa Serikali akitajwa kazi ni ileile: fagia, fyeka, paka mawe chokaa, ficha kinachotia aibu. Kuna mwaka alipaka rangi choo cha shule upande mmoja tu, ule unaotazama barabarani. Leo amekificha kitu pekee ambacho mgeni amefunga safari kuja kukiona.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Mama Greda hakumwambia mtu. Alipoiona ile barabara, kitu cha kwanza kumjia hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Furaha tupu, ya kumtoa machozi.

Kwa sababu mumewe yuko juu.

Mumewe ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi tu. Figo zake zimechoka. Kila wiki hulazwa kwenye mashine ya hospitali, damu ikasafishwa, akarudi kwenye cherehani yake. Tangu barabara ikatike hajasafishwa. Mama Greda mwenyewe mvua ilimkuta kazini upande wa chini, na tangu siku hiyo analala kwenye karakana ya wilaya, akimsikia mumewe kwenye simu tu. Kila siku sauti inakuwa nzito zaidi. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Usiku analala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi.

Alichomoa simu hapohapo.

"Baba watoto, vaa. Njia iko wazi."

"Wazi kivipi?"

"Usiniulize. Muuza duka ana pikapu huko juu. Mwambie akushushe sasa hivi, moja kwa moja hospitali."

"Ngoja nimalizie pindo la mtu."

"Pindo la nani wewe, unakufa."

"Sawa, mama, sawa. Navaa."

Alikata simu akiwa anatabasamu. Tabasamu halikukaa.

Pikipiki ilipanda kona kwa fujo, ikasimama nyuma ya greda. Injinia wa barabara wa wilaya aliteremka, akavua helmeti, akaangalia barabara, akaivaa tena. Ni kijana, mwembamba, na tangu mvua zile amezidi kukonda.

"Mwenyekiti," alisema polepole. "Nilikwambia wageni wanakuja. Sikukwambia upambe."

"Hukuniambia nisipambe."

"Mtu anaambiwa asipambe shimo?"

"Injinia, mimi siwezi kumpokea mgeni mkubwa kwenye tope. Kwetu hakuna hiyo."

Injinia alimgeukia Mama Greda, na alivyomwangalia tu, mama akajua kinachokuja.

"Bomoa," Injinia alisema.

"Sibomoi."

"Mama Greda, nisikilize. Hii siyo barabara. Chini yake kuna viroba na udongo, hakuna kalavati. Maji ya korongo yakishuka hayana pa kutokea. Yatajaa huko nyuma, yatasukuma, na siku yatakayopita yatapita na walio juu yake. Tazama mlimani."

Mama Greda alitazama. Mlima ulikuwa umevaa wingu zito, jeusi.

"Mkaguzi akipita hapa akakuta mawe meupe, ataandika barabara nzima, haina dai. Amekwenda. Mvua ikiirudisha hali ileile wiki ijayo, hatutakuwa na pa kuomba. Bajeti yangu haitoshi hata zege ya kalavati nusu. Tutabaki hivi miaka. Fundi atasafishwa mwaka gani?"

Hapo alimpiga penyewe. Lakini mama hakukubali kirahisi.

"Na tukichimba wenyewe halafu tukasema ni mvua, hiyo inaitwaje?"

"Shimo lilikuwepo. Tunalirudisha tu."

"Inaitwaje, nakuuliza."

Injinia alivua tena helmeti. "Inaitwa kufukuzwa kazi ikijulikana. Wote wawili."

Wakati wanasemezana, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kubeba kiti chake. Alikiweka katikati ya barabara, mbele kabisa ya greda, akaketi, akapachika mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mtaanza na mimi," alisema. "Wanaume wamechubuka mikono hapa, nawaambia nini? Kwamba kazi yao inatupwa bondeni na mtu anayelipwa kwa kodi zao? Halafu binti yangu yuko juu na ujauzito mkubwa. Siku yake ikifika apite wapi?"

"Imefika?" aliuliza Mama Greda.

"Mkunga kasema bado wiki nzima."

"Mume wangu wiki nzima hana."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Wachimba mawe waliokuwa wameketi kwenye ukingo waligeuka wakamtazama. Mwenyekiti aliangalia ndoo yake ya chokaa.

Simu ya Injinia iliita. Alisikiliza, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, akaikata.

"Mkaguzi amemaliza kukagua daraja la bondeni. Anapanda huku."

Basi wakakubaliana palepale, kama watu wanavyokubaliana nyumba ikiungua. Pikapu ipite kwanza na Fundi. Ikishapita, shimo lirudi. Mkaguzi aone, apime, aende zake, na fedha zikitoka lijengwe kalavati la maana, binti wa Mwenyekiti apite, Fundi apite, hata anayebishana na mkewe apite akaendelee kubishana huko chini. Mwenyekiti aliinuka kwenye kiti shingo upande. Kiti chenyewe alikisukuma pembeni kwa mguu, kwa hasira.

Mama Greda alimpigia muuza duka.

"Umemchukua?"

"Tunapakia, mama. Subiri kidogo, kuna—"

"Hakuna kusubiri. Sikiliza. Ukifika hapa kwenye kona usisimame kwa lolote. Udongo bado mbichi, ukisimama unazama. Pita, nenda zako hospitali. Umenielewa? Hata nikikupungia mkono, pita."

"Lakini mama—"

"Pita tu."

Akakata. Msomaji, lishike hilo. Ni yeye mwenyewe aliyesema mtu asisimame, na ni yeye mwenyewe aliyekata simu.

Walisubiri. Upepo ulianza kushuka kutoka mlimani, wa baridi, ule unaotangulia mvua. Mama Greda aliwasha mashine iwe tayari, mngurumo ukajaa kona yote. Alijifuta uso kwa kanga, akatengeneza na nywele. Kwa mume wa miaka yote ile, nywele za nini? Lakini alizitengeneza.

Pikapu ilichomoza kwa juu. Ilikuja imeinama mbele, inapiga honi mfululizo kama gari la harusi. Iliingia kwenye udongo mbichi, magurudumu ya nyuma yakadidimia, wachimba mawe wakasimama wote, ikayumba, ikatoka. Nyuma, juu ya godoro, alilala mtu amefunikwa mpaka kichwani. Mama Greda alilijua lile blanketi la bluu lenye mistari. Alilinunua mwenyewe.

Alipunga mkono. Aliyelala hakuinua wake.

Amechoka, alijiambia. Hana nguvu, maskini.

Muuza duka alitoa kichwa dirishani akisema kitu, lakini greda lilikuwa linanguruma, na yeye alikuwa ameamriwa apite. Alipita. Honi ikaendelea kusikika mpaka chini kwenye kona ya tatu.

"Haya," alisema Injinia.

Mama Greda alishusha kile kisu kirefu cha chuma kilicho chini ya tumbo la greda, akakigeuza pembe, akaachia breki.

Kubomoa ni rahisi, hiyo tuambiane ukweli. Watu wazima wamebeba mawe mpaka migongo ikakataa kunyooka, na mashine ikala kazi yao kama mkate. Viroba vilipasuka. Udongo ulimwagika korongoni kwa kishindo. Mawe meupe yalibingirika moja baada ya jingine mpaka chini kabisa, yakatulia kwenye tope. Mchimba mawe mmoja alivua kofia. Mwenyekiti aligeuka akatazama mlima.

Mama Greda alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele. Kifusi cha mwisho hakukitupa, alikiacha kando ya ukingo, kwa mazoea tu ya dereva asiyependa kupoteza udongo. Kisha akazima. Korongo likawa wazi, pana, kuta zake za tope zinameguka zenyewe, maji machafu yanapita chini.

Shimo zuri. Hata mvua isingelitengeneza vizuri zaidi.

Simu yake iliita. Aliangalia kioo, akacheka kwa raha. Ni Fundi.

"Baba watoto, nimekuona. Nimekupungia mkono, hukunijibu. Tumefikia hatua hiyo?"

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu anayetembea.

"Umeniona wapi?" Fundi aliuliza.

Mama Greda aligeuka akatazama barabara ya juu, ng'ambo ya shimo.

"Mimi sikupanda, mama. Gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, binti wa Mwenyekiti akaletwa analia. Uchungu umemshika ghafla. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, wakimweka hapa wanawapoteza wote. Na pale nyuma pana nafasi ya kulala mtu mmoja." Alivuta pumzi. "Nikampisha. Nikampa na lile blanketi lako, usinigombeze. Muuza duka amesema atageuza anifuate."

"Uko wapi?"

"Nateremka. Nikaona nikikaa ndani nitashikwa na usingizi, na huu usingizi wa siku hizi naogopa. Nakuja mdogo mdogo, nikutane naye njiani."

"Rudi nyumbani." Sauti ilimtoka si yake. "Baba watoto, nakuomba, rudi nyumbani, lala."

"Siwezi kurudi. Kupanda kumenishinda. Kushuka ndiyo naweza."

Simu ikakatika. Mama Greda aliishika vilevile sikioni, kama mtu anayeendelea kusikiliza.

"Vipi?" aliuliza Injinia kutoka chini.

Alimwambia. Alimwambia na Mwenyekiti, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi. Mwenyekiti aliposikia habari ya binti yake, alishika gurudumu la greda. Alifungua mdomo kushukuru, akakumbuka anamshukuru nani na kwa sababu gani, akaufunga.

"Naliziba," alisema Mama Greda. "Kifusi kipo hapo pembeni. Nikikata na ukuta wa juu pale, njia ya mtu mmoja inatoka. Naliziba sasa hivi."

"Zi—" alianza Injinia. Akaishia hapo.

Gari jeupe lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kona.

Mkaguzi aliteremka mwenyewe, hakungoja kufunguliwa mlango. Mama wa makamo, buti za mpira, kamera shingoni, mwendo wa mtu asiyependa chai za mapokezi. Aliwaamkia wote, akaitikiwa vibaya, hakujali.

"Ndiyo hapa," alisema.

"Ndiyo hapa, mama," alisema Injinia.

"Mashine ibaki imezimwa. Kuanzia sasa mtu asiguse hata kokoto mpaka nimalize kupima. Sisemi kwa ubaya. Mwezi huu pekee nimeonyeshwa mashimo ambayo watu wameyachimba wenyewe, mengine majembe yamo ndani. Nikikuta moja zaidi, siiachi kona hiyo peke yake, naiacha wilaya yote bila senti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Injinia, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

Mama Greda alikuwa hasikii. Alikuwa anatazama ng'ambo.

Kwenye kona ya juu alikuwa ametokea mtu. Anatembea hatua mbili, anasimama. Hatua mbili, anasimama. Anajishikiza kwa rula yake ndefu ya mbao, ile ya kukatia suruali, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, maana Fundi hata msibani huenda nayo. Miguuni amevaa kandambili, maana viatu havimwingii. Uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari.

Siku zote zile mkewe alimsikia kwenye simu. Hakuwa amemwona. Alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Fundi alifika ukingoni, akaliona shimo. Akaliona greda. Akamwona mkewe juu ya greda. Mtu mwerevu, hakuhitaji kuelezwa. Alitafuta pa kukaa, akaliona jiwe moja jeupe lililobaki upande wake, akaketi.

"Mama watoto," aliita, na ilimchukua muda kuikusanya sauti. "Usijali. Nitangoja."

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye kamera. "Yule ni nani?"

"Mume wangu," alisema Mama Greda, akishuka ngazi ya greda. "Mheshimiwa, ni mgonjwa wa figo. Anatakiwa kwenye mashine leo. Leo hii. Naomba uniruhusu nisogeze udongo kidogo tu, avuke, halafu utapima utakavyo."

Mkaguzi alimwangalia mgonjwa kwa muda. Hakuwa mtu wa roho mbaya, msimfikirie hivyo. Lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha kuuliza.

"Barabara imekatika tangu mvua za mwezi uliopita?"

"Ndiyo," Injinia aliwahi.

"Na yeye anajua imekatika. Ni mwenyeji." Akamgeukia Mama Greda. "Sasa amejikokota na hali ile mpaka hapa. Alitegemea kupita wapi?"

Injinia alikuwa anamwangalia Mama Greda kwa macho yanayoomba. Akisema hapa palikuwa na njia, mchezo umekwisha. Asiposema, mumewe atangoja mpaka vipimo vyote viishe, na hakuonekana mtu wa kungoja hata robo yake.

"Alikuja kuniona mimi," alisema Mama Greda. Uongo wenyewe ulimwuma ulimi. "Hatujaonana siku nyingi."

Mkaguzi aliirudisha kamera shingoni. Akasogea ukingoni. Akachungulia chini. Alichungulia muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuchungulia tope.

"Mwenyekiti," alisema bila kugeuka. "Yale mawe meupe kule chini."

"Naam, mama."

"Siku hizi mvua inapaka chokaa?"

Mwenyekiti alifungua kifungo cha koti. Akakifunga. "Ni mawe ya zamani yale, mama. Ya enzi ya... tulikuwa tumepokea..."

Mkaguzi aliinama, akagusa jiwe lililobaki ukingoni upande huu. Akakiinua kidole. Kilikuwa cheupe, kimelowa.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya boneti ya gari jeupe, likasikika. Kisha la pili.

Ng'ambo, Fundi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye rula yake. Mabega yanapanda na kushuka haraka haraka, kama mtu aliyetoka mbio, naye ameketi.

Kuna wakati mtu anachoka kuhesabu hasara. Mama Greda alifikiria kazi yake, ile aliyoipata wakati wanaume wa karakana walikuwa wakiwekeana dau kwamba hatamaliza wiki. Akafikiria kalavati, na kijiji kizima cha juu, na mvua za mwakani, na za mwaka wa mbele yake. Akamtazama mtu wake na ile futi shingoni.

"Alitegemea kupita hapa," alisema. "Asubuhi ya leo hapa palikuwa na barabara. Wachimba mawe hawa waliijenga kwa mikono, nami nimeibomoa ili uone shimo. Shimo la mvua ni la kweli, mheshimiwa. Lilikuwepo, kalavati liko bondeni, nenda ukaliangalie. Lakini hili unaloliona sasa hivi ni langu."

"Mama Greda," alisema Injinia kwa sauti ya kuugua.

Mama Greda alipanda ngazi, akaketi, akawasha. Greda likakohoa moshi, likanguruma.

Mkaguzi hakupiga kelele. Alitazama huku na huku, akakiona kile kiti cha plastiki cha Mwenyekiti kimelala pembeni. Alikwenda akakichukua, akakifuta kwa kiganja, akakiweka katikati ya barabara, kati ya kisu cha greda na kifusi, mahali palepale pa asubuhi. Akaketi, kamera mapajani, mvua ikimpiga.

"Nakuamini," alisema, akipaza sauti kushinda mashine. "Ndiyo maana nakuomba uzime. Uniachie nipime tope lililoachwa na mvua kwenye zile kuta, nione lipi la mvua na lipi lako. Nikikuta la mvua linatosha, naliandika, na mnajengewa. Ukigusa udongo tena utavuruga vyote, na sina cha kuandika isipokuwa jina la wilaya. Nipe nusu saa."

"Mpe, mama," Injinia alilia. Alikuwa analia kweli, bila aibu. "Nusu saa tu. Kijiji kizima, mama, nusu saa."

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuvua koti. Alikwenda mpaka ukingoni, akawaita wachimba mawe, kamba, leteni kamba. Aliyetangulia kushuka alikanyaga ukuta wa tope, ukammegukia, wakamvuta juu kwa mikono wenyewe wakiteleza. Maji ya chini yalikuwa yamebadilika rangi. Huko mlimani mvua ilikwisha kushika.

Mama Greda alitazama kupitia kioo kilicholowa. Mkaguzi kwenye kiti. Injinia amepiga magoti. Ng'ambo, jiwe moja jeupe.

Jiwe tupu.

Alisimama juu ya kiti chake ili aone vizuri. Fundi alikuwa chini, ubavuni mwa jiwe, ameanguka taratibu bila kelele, rula bado imo mkononi. Mguu mmoja umetoka kandambili. Haukusogea.

"Mama, toka hapo kwenye kiti," alimwambia Mkaguzi.

Mkaguzi hakutoka.

Mama Greda akashusha kisu, akaachia breki.